Usiache chapati kabla ya kipimo

Swali la msomaji: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 32, naishi Tabata na mume wangu na binti yetu wa miaka minne. Karibu miaka mitatu sasa tumbo langu halijatulia. Linajaa gesi, linaunguruma, wiki hii naharisha, wiki ijayo choo hakipatikani. Damu haipandi, mara 8, mara 9, hata nimeze vidonge namna gani. Nilikuwa na kilo 63, leo nina 54. Nimetibiwa taifodi mara nne, UTI sijui mara ngapi, minyoo, vidonda vya tumbo. Mama mkwe ameanza kusema haya si ya hospitali. Mwezi huu nimempata daktari aliyenisikiliza, akasema anashuku ugonjwa wa seliaki. Nimetolewa damu, sampuli imepelekwa nje ya nchi, majibu baada ya wiki mbili au tatu. Kipimo cha kamera nimepangiwa baada ya wiki tano. Dada yangu aliyeko Uingereza kaniambia niache ngano mara moja. Leo ni siku ya tisa: asubuhi nakunywa uji wa lishe na kiazi kitamu badala ya chai ya maziwa na chapati, na kusema kweli nimepata nafuu. Je, niendelee? Halafu kuna jambo naona aibu kulisema. Namwomba Mungu kipimo kiseme ninao. Kikisema sina, nitaanzia wapi tena?

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Naanza na jibu lenyewe kwa sababu siku zinakwenda: kesho asubuhi rudia chapati yako. Endelea kula ngano kila siku mpaka utakapotoka kwenye chumba cha kamera na kuambiwa kwamba vinyama, yaani vipande vidogo vya ukuta wa utumbo, vimeshachukuliwa. Najua inauma. Mtu apate nafuu ya siku tisa baada ya miaka mitatu ya mateso, kisha aambiwe arudie kile anachokihofia. Nivumilie nieleze, maana nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwa sababu waliacha ngano wiki chache kabla ya wakati wake.

Seliaki si mzio wa kawaida, wala si tumbo kukataa chakula fulani. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo wa mwenye mwili, na kinachoichokoza ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya nchi za baridi). Gluteni ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Unga wa mahindi hauna, ndiyo maana hakuna aliyewahi kusukuma ugali ukawa chapati.

Siku ukienda Feri kununua samaki, mfunue changu shavu uangalie matamvua yake. Utaona nyuzi nyekundu nyembamba zimepangana kama meno ya chanuo. Kwa kuwa nyuzi ni nyingi, maji yanagusa sehemu kubwa sana ya damu ya samaki ndani ya nafasi ndogo, na hewa inaingia. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba nao una vinyweleo vya namna hiyo, virefu kiasi cha milimita moja au pungufu, vimejaa kila mahali. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula: sukari, mafuta, chuma, kalisi. Seliaki huvifupisha kidogo kidogo mpaka ukuta unabaki bapa. Na inaumiza zaidi kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba, kinachoitwa duodeni, ambacho ndicho hasa chenye kazi ya kufyonza chuma. Hapo unaona kwa nini mtu anaweza kumeza vidonge vya kuongeza damu miezi na miezi na damu ikabaki pale pale kwenye 8. Vidonge vinapita, ila pa kuingilia hapapo.

Sasa, vipimo vyako vyote viwili vinatafuta alama za shambulio hilo. Damu inapimwa kingamwili ambazo mwili huzitengeneza gluteni ikiwa inaendelea kuingia. Kamera inakwenda kuchukua vinyama ili vinyweleo vikaangaliwe kwa hadubini. Ukiacha ngano, kinga inatulia, kingamwili zinashuka taratibu, vinyweleo vinaanza kuota upya. Kwa mgonjwa aliyekwisha kupimwa hiyo ni furaha. Kwa ambaye hajapimwa ni kufagia nyayo za mwizi kabla hazijaangaliwa. Kuna mama mmoja alinijia akiwa ameacha ngano miezi minane kwa ushauri wa jirani. Damu yake ilikuja safi, vinyama vikaja karibu na safi, na mpaka leo siwezi kumwambia kwa uhakika kama ana seliaki au hana. Nilimwomba arudie ngano tupime tena, akakataa, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa amepona tumbo na hakutaka kuligusa.

Kwako wewe jambo moja limekwenda vizuri: damu ilitolewa kabla hujaacha. Majibu hayo yatahesabika. Kinachobaki kulindwa ni kamera.

Ule kiasi gani? Wataalamu hutumia gramu tatu za gluteni kwa siku kama kiwango cha chini, sawa na slesi mbili hivi za mkate. Chapati moja ya kawaida inafika hapo. Mimi ningependa ngano iingie kwenye zaidi ya mlo mmoja, tuseme chapati asubuhi na slesi ya mkate au tambi kidogo jioni. Mwambie dada yako, kwa upole maana nia yake ilikuwa njema, kwamba hata huko Uingereza mwongozo wa hospitali za umma unamtaka mtu ale gluteni zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki zisizopungua sita kabla ya kupimwa. Wewe umekula ngano maisha yako yote, umekosa siku tisa, na mbele yako kuna wiki tano. Muda unatosha ukianza kesho. Mweleze daktari wako tarehe uliyoacha na tarehe uliyorudia, aandike kwenye faili. Na kama baada ya kurudia utazidiwa kweli kweli, usiache kimyakimya. Mpigie, umwombe kamera iwahishwe.

Nije kwenye nafuu yako. Naiamini. Sina shaka kwamba tumbo limetulia. Ila nimeisoma barua yako mara ya pili nikaona kitu ambacho huenda hukukiona. Umesema unakunywa uji wa lishe. Huo unga umeununua wapi, na ndani yake mna nini? Unga wa lishe unaouzwa mitaani Dar mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, mchele, na wasagaji wengi huongeza ngano. Soma pakiti, au muulize aliyekusagia. Ikiwa ngano imo, basi siku tisa hizi hukuacha gluteni hata siku moja, na bado ulipata nafuu!

Kingine: uliacha chapati, lakini siku hiyo hiyo uliacha pia chai ya maziwa. Watu wazima wengi wa huku kwetu, pengine walio wengi, wanapoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa wanapokua. Dalili zake ni hizo hizo za gesi, kuunguruma na kuharisha. Kuna na mafuta ya kwenye chapati. Na ngano yenyewe, mbali na gluteni, ina aina ya wanga unaochacha tumboni na kuwasumbua watu wenye utumbo mwepesi kukereka, bila seliaki yoyote. Umebadilisha vitu vinne kwa mkupuo mmoja. Wewe ni mwalimu, unajua hesabu hiyo haina jibu moja.

Madaktari wenyewe waliwahi kunaswa hapo kwa miaka mingi. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alichapisha matokeo ya kuwatibu watoto wenye seliaki kwa ndizi. Aliwapa ndizi kwa wingi, akawakataza mkate, viazi na nafaka. Watoto waliokuwa wanakufa wakanenepa. Ndizi zikapata sifa, na kwa muda mrefu zikaaminiwa kuwa zina nguvu ya pekee. Kumbe kilichowaponya ni kuondolewa kwa ngano. Aliyeling'amua hilo ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, naye daktari wa watoto. Alikwishaanza kuishuku ngano, kisha ikaja njaa ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika Uholanzi. Watoto wake wa seliaki, katikati ya njaa hiyo, wakawa na nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Hakuishia hapo. Aliwapa watoto vyakula vyenye ngano na visivyo na ngano kwa zamu, akapima kinyesi chao, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake. Unaona tofauti? Haas aliona nafuu akairidhia. Dicke aliona nafuu akaiuliza imetoka wapi. Mimi nataka tumbo lako liulizwe hivyo.

Kwa hiyo tumia wiki hizi tano kwa faida. Ngano irudi, maziwa yabaki nje kwa wiki mbili za kwanza. Chai kavu, chapati, basi. Chukua daftari moja la kurasa arobaini, andika kila siku ulichokula, choo kimekwenda mara ngapi na kilikuwaje, gesi ilianza saa ngapi, na kama uko kwenye siku zako. Pima uzito Jumatatu asubuhi kwa mizani ile ile, hata kama ni ya duka la dawa la mtaani kwenu. Kama tumbo litatulia na ngano ikiwemo, daktari wako atakuwa amepata habari kubwa kabla ya kamera. Kama litachafuka siku ya tatu, hiyo nayo ni habari. Vidonge vya chuma endelea kumeza kama ulivyoandikiwa, ila usivimeze na chai, kwa sababu majani ya chai yanazuia chuma kufyonzwa. Meza na maji, ukipata chungwa au embe kula nalo. Na tafadhali, katika wiki hizi usinunue dawa za kuua bakteria dukani kwa sababu tumbo limevuruga. Taifodi mara nne kwa mtu mmoja ndani ya miaka mitatu inanipa mashaka makubwa. Kile kipimo cha haraka cha damu kinachotumika sana kwenye vituo vyetu kinaweza kusema ndiyo kwa mtu asiye na taifodi kabisa. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na sidhani kama kuna aliyekuoteshea.

Karatasi ya majibu ikifika usiishie kusoma neno moja la mwisho. Tafuta mstari ulioandikwa tTG-IgA. Ndiyo kingamwili inayotegemewa zaidi. Angalia namba yako na kiwango cha maabara pembeni yake, kwa sababu kila maabara ina kiwango chake, na kupanda kidogo si sawa na kupanda mara kumi. Namba ikiwa mara kumi ya kiwango au zaidi, uwezekano wa seliaki ni mkubwa mno, kiasi kwamba tangu 2020 wataalamu wa watoto Ulaya wanakubali kuthibitisha ugonjwa kwa mtoto bila kamera, mradi damu ya pili nayo ithibitishe kwa kingamwili nyingine. Kwa mtu mzima bado tunapendelea kuona utumbo.

Kisha tafuta mstari wa pili, IgA jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina ya IgA mwilini. Huu mara nyingi husahauliwa, na ukikosekana uombe. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha tangu kuzaliwa, na miongoni mwa wagonjwa wa seliaki wapo wawili au watatu katika kila mia. Mtu wa namna hiyo akipimwa tTG-IgA atatoka safi hata kama utumbo umekwisha bapa, kwa sababu kinachopimwa hana. Yeye anapimwa kwa kingamwili aina ya IgG. Ndiyo maana majibu yakisema huna bila kuonyesha IgA jumla, mimi sifungi faili.

Siku ya kamera utatakiwa usile usiku kucha. Koo litapuliziwa dawa ya ganzi, na sehemu nyingine wanachoma sindano ya usingizi mwepesi. Mrija mwembamba kama kidole kidogo unapita mdomoni, kooni, tumboni, mpaka duodeni. Utajisikia kama unataka kutapika, utatokwa na mate, utatamani wamalize, na kwa kawaida ndani ya dakika kumi au kumi na tano wamemaliza. Kuchukua vinyama hakuumi, maana ukuta wa utumbo hausikii mkato mdogo namna hiyo. Kila kinyama ni kama chenga ya mchele. Ukichomwa ile sindano usirudi nyumbani peke yako, na bodaboda sahau kabisa siku hiyo. Mume wako aje.

Kabla hujalala kitandani, sema sentensi hii kwa daktari wa kamera: naomba vinyama vya duodeni, visipungue vinne, na kingine kimoja au viwili kwenye kichwa cha duodeni, kwa sababu tunatafuta seliaki. Usione haya. Kamera nyingi zinazofanywa hapa mjini zinatafuta vidonda vya tumbo na bakteria H. pylori, kwa hiyo mkono umezoea kuchukua kinyama cha tumboni na kutoka. Nimepokea zaidi ya ripoti moja iliyoandikwa kwamba utumbo unaonekana wa kawaida, na hakuna hata kinyama kimoja cha duodeni kilichochukuliwa. Kwa macho seliaki inaweza kuonekana kawaida kabisa. Uharibifu wake una madoa, huku upo na hapa haupo, ndiyo maana kinyama kimoja hakitoshi. Mgonjwa yule anarudishwa kwenye kamera mara ya pili, nauli mara ya pili, njaa mara ya pili.

Na kama si seliaki? Hili ndilo linalokunyima usingizi, nami sitalipita haraka. Vinyweleo bapa vyenyewe vina sababu nyingine hapa kwetu, na baadhi zina dawa ya siku chache. Vijidudu vya jiadia, vinavyokuja na maji machafu, vinaweza kukaa utumbo mwembamba miezi na kumkondesha mtu. Virusi vya Ukimwi vinaweza kuharibu utumbo, kwa hiyo kama hujapima VVU karibuni pima, bila kusubiri kuambiwa. Kifua kikuu kinaweza kushika tumbo bila kikohozi hata kimoja. Kuna dawa moja ya shinikizo la damu, olmesartani, inayoleta hali inayofanana na seliaki kabisa. Upungufu wa damu nao una njia zake: safura, hedhi nyingi, kidonda kinachovuja kidogo kidogo. Je, siku zako ni nzito? Katika barua yako hukusema, na wanawake wengi hawasemi mpaka waulizwe. Daktari wako akikuongezea kipimo cha choo, cha VVU, cha tezi ya shingo, usione anatapatapa. Anafunga milango mmoja baada ya mwingine.

Wengi wetu tulitoka chuoni tukiamini seliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Duniani inakadiriwa mtu mmoja katika mia anao. Na mwaka 1999 ulitolewa utafiti wa watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ukawakuta zaidi ya watano katika kila mia, kiwango cha juu kuliko cha Ulaya. Kusini mwa Sahara inapatikana kidogo, na sababu mojawapo ni kwamba haitafutwi. Chakula chetu cha asili hakikuwa na ngano. Mtu wa kizazi cha bibi yangu alikula mkate siku ya Idi au Krismasi. Leo Dar unaamka na maandazi, saa nne chapati, jioni sambusa. Kwa hiyo daktari wako hakuota, na pia hajakuhukumu.

Ile aibu yako, mwalimu, iweke chini. Hukuomba ugonjwa. Ugonjwa unao tayari, umekaa nao miaka mitatu, umekula kilo tisa zako. Unachoomba ni jina lake. Nimekaa na wagonjwa waliolia kwa furaha walipoambiwa wana kitu ambacho mtu mwingine angelia kwa huzuni, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wanaambiwa ni mawazo, ni uvivu, ni kudeka. Tumaini lako ni la haki. Ninachokuomba ni ulihamishe kidogo tu: tumainia kujua, si kujua hili moja. Majibu yakisema huna seliaki, hurudi ulikoanzia. Ulianza na taifodi ya kubahatisha, sasa utakuwa na duodeni iliyoangaliwa, H. pylori iliyopimwa, daftari la wiki tano na daktari anayekusikiliza. Hapo ndipo utakapoanzia.

Mama mkwe usibishane naye. Mwambie kwamba mnasubiri majibu kutoka maabara na kwamba mtamwambia yakija. Ila ukipewa dawa ya kuchemsha usiinywe wiki hizi, kwa sababu ikikuharisha au ikikutuliza hatutajua ni nini kimefanya nini.

Kuna mambo ambayo hayasubiri wiki tano. Damu kwenye choo, choo cheusi kinachonata kama lami (vidonge vya chuma navyo hukifanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati hivyo), homa za jioni na jasho la usiku linalolowesha shuka, kuzimia, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kutapika kila unachokula. Ukiona mojawapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa damu ya 8, kama kuna uwezekano wowote wa mimba, pima wiki hii, umwambie daktari.

Tuseme sasa karatasi imesema ndiyo, na vinyama vimesema ndiyo. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote, hata makombo. Kwa dada yako kule Uingereza huo ni mzigo mkubwa wa manunuzi. Hapa, ugali, wali, mihogo, ndizi, viazi, mtama, ulezi, maharage, samaki, mchicha, vyote ni vyako. Vitumbua na mkate wa kumimina vya mchele mtupu pia ni vyako, baada ya kumuuliza mpishi kama hakuongeza ngano. Kazi itakuwa kwenye vilivyojificha: unga wa lishe, urojo uliotiwa unga wa ngano, bokoboko, sosi ya soya, bia ya shayiri, mafuta yaliyokaangiwa maandazi kisha yakakaangiwa chipsi zako, mashine iliyosaga ngano kabla ya dona lako. Utajifunza kumwambia mama ntilie afute kikaango kwanza. Kama wewe ni Mkatoliki, zungumza na padri, maana hostia ni ya ngano, na Kanisa linaruhusu iliyopunguzwa gluteni sana, au kupokea divai peke yake. Tumbo huanza kutulia ndani ya wiki kadhaa, damu hupanda ndani ya miezi, na vinyweleo kwa mtu mzima huweza kuchukua mwaka hadi miwili kuota vizuri. Na binti yako atapimwa damu, hata kama hana dalili, kwa kuwa katika ndugu wa damu wa karibu karibu mmoja katika kumi naye anao. Asiachishwe chapati kabla ya kupimwa. Kwake pia sheria ni ile ile.

Majibu ya damu yakitoka niandikie tena. Nitumie namba mbili, tTG-IgA na IgA jumla, kila moja na kiwango cha maabara kilichoandikwa pembeni, na uniambie pakiti ya unga wa lishe imeandikwa nini.